Mdomo wa Nzomo

Ndululu alimpenda mjukuu wake. Hilo tulimalize kwanza, na anayesema vingine aje aseme mbele ya waliokuwapo. Mapenzi hayakupungua hata siku moja. Kilichokuwa kinamla Ndululu ni karatasi aliyoisoma mwaka wa njaa ya ndege, akaisoma uongo huku akijua.

Mumewe aliitwa Nzomo, fundi wa mizinga ya nyuki, na alizaliwa na mdomo uliopasuka. Mdomo wa juu, upande wa kushoto, ulikuwa wazi hadi ndani ya tundu la pua, na meno mawili yalionekana hata akiwa amenyamaza. Maneno yake yalipitia puani. Alikuwa mpole, hana neno na mtu, lakini mbele ya wageni aliufunika mdomo kwa kiganja, na uji aliunywa akiwa amegeukia ukuta. Wasichana watatu walimkataa kabla ya Ndululu kumkubali. Wakapata mtoto mmoja, Mulei, halafu basi. Ukapita mwaka, ukapita wa pili, ikafika miaka sita, tumbo kimya. Ndugu za Nzomo wakaanza kunong'ona kwamba atafutiwe bibi mwingine. Wakaishia hapo hapo kwenye kunong'ona, maana ni baba gani wa Kitui angemtoa binti yake kwa mdomo ule? Ndululu aliyasikia yote na akalala usingizi. Mdomo ule ulikuwa unamlindia nyumba.

Basi mwaka wa sitini na moja mvua ikagoma kabisa, watu wakachimba mizizi, ndipo serikali ikaleta mahindi kwa ndege. Ndege moja ndogo ikaleta daktari wa kushona nyuso kwenye hospitali ya misheni. Mtu wa hospitali alimwona Nzomo kwenye foleni ya mahindi, akamwandikia karatasi. Nzomo hakujua kusoma. Ndululu alikuwa amehitimu kisomo cha kanisani, akisoma kwa kidole lakini akisoma. Karatasi ilisema aje Alhamisi, asile kitu asubuhi, mdomo utashonwa bure.

"Wanasemaje?" Nzomo aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni, hakuufunika mdomo, kwa furaha alikuwa amesahau.

"Wanasema wewe ni mtu mzima," Ndululu akajibu. "Wanashona watoto tu. Wa mtu mzima ukishonwa unafunguka tena."

Nzomo akaitikia kwa kichwa, akarudi kuchonga mzinga wake. Ndululu akaitia karatasi motoni. Mtu angalau angelalamika! Angemtukana daktari! Yeye hakulalamika, siku hiyo wala baadaye. Akaishi miaka kumi na mitano mingine bila kuoa tena, bila kuimba kanisani, na hata harusi ya mwanawe wa pekee hakwenda. Mwaka wa sabini na sita kifua kikambana, akafa.

Wiki ya pili baada ya mazishi, mchana kweupe, Ndululu akipepeta mbaazi uani, alisikia uji unanywewa ndani ya nyumba. Ile sauti yenyewe, ya kuvuta na kuvuja, aliyoisikia kila asubuhi ya ndoa yake. Aliingia. Hapakuwa na mtu. Alitoka, akashika ungo, na sauti ikaanza tena. Jamani, mwanamke yule alipepeta mbaazi zile mpaka zikabaki nusu, macho yako mlangoni. Hakumwambia mtu. Angemwambia nini?

Mwaka uliofuata mkewe Mulei, Mbula, akajifungua. Mkunga aliufunika uso wa mtoto kwa leso kabla ya kumkabidhi. Ndululu aliivuta leso mwenyewe. Mdomo ulikuwa umepasuka upande wa kushoto hadi puani.

Jina halikuwa na mjadala: Nzomo. Kwa Wakamba mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu yake mzaa baba, na akishalichukua, nyanya humwita mume wangu. Ni utani, na si utani. Chakula cha kwanza ni chake, kigoda ni chake, akilia nyanya anaulizwa umemkosea nini mzee. Wanawake wa kanisani walikuja na sukari na sabuni, wakacheka: "Ndululu, mzee amekukumbuka mpaka amerudi na mdomo wake!" Ndululu akacheka nao. Usiku wake ulikuwa mbaya, lakini mchana alicheka.

Mtoto alikua. Alipoanza kunywa uji, sauti ikawa ile ile, sasa ikiwa na mwenyewe. Ndululu alidhani ingemtuliza, kwamba angalau sasa anajua inatoka wapi. Wapi! Aliisikia mtoto akiwa amelala. Aliisikia akiwa shambani. Na mtoto alikuwa na tabia ya kumtazama tu, bila kupepesa, kama anayesubiri asomewe kitu.

Mbula ndiye aliyeleta habari. Kwenye kliniki ya watoto alikutana na nesi aliyeitwa Esha, binti wa Waislamu wa mjini Kitui, na Esha akamwambia daktari wa ndege bado anakuja kila mwaka, anashona.

"Hapana," Ndululu alisema. "Amerudi vile alivyoondoka. Mkimshona mtamfukuza."

Mbula alikuwa mke wa heshima, hakubishana na mama mkwe. Watu nao wakamsifu Ndululu kwa kumpenda marehemu kiasi hicho, mwaka wa tatu huu bado anamlinda. Alizipokea sifa hizo akiangalia chini. Ukweli alikuwa nao tumboni, na ulikuwa mfupi: siku mdomo wa mtoto utakaposhonwa, Mulei ataanza kuuliza maswali ya mdomo wa baba. Na kwenye maswali hayo karatasi ile ingefufuka.

Mulei alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Kiboko, huko barabara ya Mombasa, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mwaka wa sabini na tisa akaandika barua, na safari hii hakuomba. Mtoto apelekwe. Ijumaa daktari yuko, naye ataomba ruhusa aje atie sahihi mwenyewe. Ndululu alimsomea Mbula barua hiyo kwa sauti, mstari kwa mstari, kidole juu ya kila neno. Angeweza kuisoma vingine. Wazo lilimjia, tusidanganyane. Lakini Mbula alikuwa amefika darasa la saba na alikuwa amechungulia begani.

Wakaenda hospitali ya misheni Alhamisi, wakalazwa. Esha alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha na mikono laini. Alimpima mtoto, akamtazama kinywani kwa tochi.

"Mdomo kesho. Paa la kinywa nalo lina ufa, hilo ni la mwaka ujao," alisema. "Sasa nisikilizeni, nyote wawili. Tangu alfajiri mtoto haonji kitu. Si uji, si maziwa, si andazi la huruma. Atapewa dawa ya usingizi. Akiwa na chakula tumboni atatapika akiwa hajijui, kile chakula kiingie kwenye mapafu, na tutamzika. Tumesikizana?"

"Tumesikia," Mbula akasema.

"Nyanya?"

"Nimesikia."

Esha akambandika mtoto plasta nyeupe kifuani, akaandika juu yake kwa kalamu: ASILE.

Asubuhi ya Ijumaa Mbula alikwenda bombani kufua. Ndululu akabaki na mtoto kwenye veranda, wadi ya watoto mkono wa kulia na ya wazee kushoto. Mtoto alikuwa analia njaa, kilio cha puani kinachokwaruza. Ndululu akambeba mgongoni, akatembea naye, akimwimbia. Ndipo alipomwona mzee kwenye benchi.

Alikuwa mzee hasa, mvi tupu, shati limefungwa hadi kwenye koo. Chini ya pua alikuwa na mshono mpya, nyuzi nyeusi zimesimama kama ndevu za paka, na mdomo umevimba. Upande wa kushoto. Ndululu alisimama kama aliyepigwa msumari.

"Salamu, mama," mzee alisema polepole, akiogopa kuvuta nyuzi. "Huyo naye ni wa kundi letu? Mimi naitwa Kiema, nimetoka Kikima. Nimeshonwa jana. Unajua sikulazwa usingizi? Mdungo wa ganzi tu, macho yangu yakitazama, daktari ananipigia hadithi."

"Una miaka mingapi?" Ndululu aliuliza. Hata maamkizi alisahau.

"Sitini na tatu. Nilimwuliza daktari, si nimechelewa? Akacheka. Akasema mdomo hauna uzee, unashonwa hata wa babu yangu. Aka! Miaka yote nimewapigia mbuzi kelele kama mbwa, sasa nitawapigia mluzi." Akajaribu kucheka, akajishika. "Mama, mbona umekuwa hivyo? Keti."

Hakuketi. Alikuwa anamwona Mulei akishuka kwenye gari, akipita kwenye veranda hiyo hiyo kwa sababu nyingine hakuna, na mzee huyu mwenye domo la furaha akimsimulia kila mpitaji. Sitini na tatu! Mume wake mwaka ule alikuwa na thelathini na mbili. Mgongoni mtoto alinyamaza ghafla, na katika kile kimya Ndululu alisikia uji ukinywewa, karibu na sikio, kwa utulivu, kama mtu ambaye hana haraka tena.

Akapata akili mbaya, na aliiona ni nzuri. Mtoto akila, hashonwi. Asiposhonwa watarudishwa nyumbani sasa hivi, atakutana na Mulei njiani, na Mulei hatafika kwenye benchi hili. Atampa uji, atamwambia nesi amempa, atatukanwa, ataitwa mzee mshamba asiyesikia. Matusi angeyameza. Ya nyanya aliyeshindwa kumnyima mume wake chakula yangesameheka. Wanawake wa kanisani wangecheka hata.

Kwenye wadi kulikuwa na mama aliyekuwa akimlisha mwanawe uji wa wimbi. Ndululu akaomba kikombe. Akaenda nyuma ya jengo, akaivuta shuka juu ya plasta isionekane, akamnywesha mtoto kikombe kizima. Mtoto alikunywa kwa pupa, macho yake kwenye macho ya nyanya, na ule uji wa kupitia puani ulimchuruzika kidevuni. Ndululu alimfuta. "Kunywa, mume wangu," alimwambia, na alikuwa analia.

Akarudi, akamlaza kitandani, na Mbula akaingia na nguo zake mbichi. Sasa ulikuwa wakati wa kusema. Esha hakuwapo. Ndululu alimwulizia, ikasemwa yuko chumba cha upasuaji. Ndululu akasema atamngoja, akatoka kuosha kikombe cha watu, akakiosha sana. Alikisugua kwa mchanga ndani na nje, akakisuuza mara tatu, na alipoinua kichwa alisikia sauti ya mwanawe.

Mulei alikuwa amepata lori la kituo na kufika mapema. Alikuwa ameketi kwenye benchi, begi miguuni, na mzee Kiema alikuwa anamwonyesha mshono.

"Mtu mzima anashonwa?" Mulei alikuwa anauliza. "Una uhakika?"

"Kijana, unanitazama!"

"Hata zamani? Hata wakati wa ile njaa ya ndege?"

"Ndugu yangu alishonwa wakati huo huo, hospitali hii hii, alikuwa na ndevu. Mimi ndiye niliyekuwa mwoga nikakimbia."

Mulei aliinua macho, akamwona mama yake amesimama na kikombe. Alikuwa anamtazama kwa uso wa mtu anayejumlisha. Na wakati huo huo, nyuma yake, mlango wa wadi ulifunguka na mhudumu akatoka amembeba mtoto, amevikwa gauni la kijani. Mbula alikuwa anafuata, kanga kichwani. Mtoto wa kwanza kwenye orodha alikutwa na homa. Nzomo mdogo amesogezwa mbele. Mbula ameulizwa kama mtoto amekula, na Mbula, maskini, ameapa kwa Mungu kwamba hajala tangu jana.

Walikuwa na hatua ishirini kufika kwenye mlango wa upasuaji. Ndululu alizihesabu. Akisema sasa, Mulei yuko hapa, ataulizwa kwa nini, na atalazimika kujibu mbele ya mdomo wa mzee huyu. Akinyamaza, labda mtoto hatatapika. Wapo wasiotapika. Kikombe kimoja tu. Mhudumu alipita hatua tano, akapita kumi. Mkono mdogo ulining'inia nje ya gauni la kijani. Alinyamaza. Niseme ukweli wa Mungu, alinyamaza hadi mlango ulipoanza kufunguka.

Kisha akatupa kikombe na kukimbia.

"Amekunywa uji! Msimlaze! Amekunywa uji, nimemnywesha mimi!"

Alimshika mhudumu gauni, akaanguka magoti, na hakuachilia mpaka daktari mwenyewe alipotoka, mtu mfupi mwenye miwani, kofia ya kitambaa kichwani. Daktari hakupiga kelele. Aliuliza kiasi gani, na saa ngapi. Kikombe kizima, saa tatu kasoro. Daktari akatazama saa ya ukutani.

"Mama," alisema kwa Kiswahili chake cha Nairobi, "nilikuwa nimeshika dawa mkononi. Ungenyamaza dakika mbili ningekuulia mtoto." Halafu akamgeukia Esha, aliyetoka nyuma yake. "Awe wa mwisho. Saa tisa. Rubani atangoja, kabla ya giza tuwe hewani. Na sasa mtu wetu akae na huyo mtoto, asikae na nyanya."

Mbula alimchukua mwanawe na kumtazama mama mkwe kwa macho ambayo hajawahi kumwonyesha. "Kwa nini?" alisema. Kwa mara ya kwanza hakumwita mama. "Uliambiwa. Kwa nini?"

Mulei alikuwa amefika. "Ndiyo," alisema. "Kwa nini?"

Ndululu angeweza bado kusema alimwonea huruma. Neno lilikuwa tayari ulimini, na wote wangelikubali. Lakini alikuwa amechoka, jamani. Miaka kumi na minane ya kubeba kitu kimoja. Akaketi chini kwenye sakafu ya veranda, miguu mbele, kama mwanamke aliyefiwa, akawasimulia karatasi. Alhamisi, asile kitu, bure. Alisimulia alichosoma na alichosema. Alisimulia na sababu yake, kwamba angeletewa mke mwenza. Mzee Kiema kwenye benchi alikuwa ameinamisha kichwa, mkono umefunika mdomo wake mpya.

Mulei alisikiliza mpaka mwisho. "Siku ya harusi yangu nilimpigia baba magoti," alisema. "Nikamwambia njoo, ukae mbele. Akaniambia hata daktari wa ndege alimwona akamkataa, kwa hiyo yeye hafai kukaa mbele za watu. Maneno hayo alikuwa akiyaamini. Amekufa akiyaamini."

"Nisamehe, mwanangu."

"Si mimi uliyemsomea," Mulei alisema. Akaenda kusimama kwenye ua, mgongo kwao, na huko akakaa bila kula wala kunywa hadi mwanawe alipoingizwa.

Saa tisa walimwingiza. Saa kumi na nusu Esha alimtoa, amelala, mikono imefungwa kwa maboksi ya kadibodi asijikune. Mbula alimpokea, akambusu paji la uso, akalia, akacheka. Kisha alimwona Ndululu pale alipokuwa, sakafuni bado, hakuna aliyemwambia ainuke. Mbula alimkaribia. Nani ajue alichokuwa anafikiri. Akainama.

"Mshike mume wako," alisema. "Mimi nikalete maji."

Ndululu alimpokea. Ndege ilikuwa imeanza kunguruma uwanjani. Aliogopa kuangalia, kisha akaangalia. Mshono ulishuka kutoka puani, mwembamba, na pande zote mbili za ufa zilikuwa zimekutana. Alikuwa mzuri! Hilo ndilo lililompiga. Pua ilikuwa pua ya Nzomo, na paji lilikuwa lake, na taya, na kumbe vitu hivyo vilikuwa vizuri siku zote, na mwanamke yeyote angevikubali. Mtu mwenye uso huu angeketi mbele kwenye harusi. Angeimba. Angepewa mke wa pili, hata wa tatu, wazazi wakishindana.

Au angerudi siku ile kutoka hospitalini, akaketi na mkewe, akanywa uji bila kugeukia ukuta, na asimtafute mwingine yeyote. Ndululu hakuwahi kumpa nafasi ya kuchagua.

Alimwinamia karibu, mpaka akasikia pumzi yenye harufu ya dawa.

"Ungeniacha?" aliuliza. "Niambie tu. Ungeniacha?"

Alitega sikio kwa ajili ya ile sauti, ya kuvuta na kuvuja, ambayo mwaka wa tatu sasa haikumpa siku moja ya kupumzika. Haikuja. Mtoto alilala, mdomo umefungwa, na Ndululu aliendelea kumwuliza hadi Mbula aliporudi na maji.